Maombi na Dawa Havigombani

  Leo nazungumza na wachungaji, makatekista, wazee wa kanisa na akina mama wa ushirika wa hapa Kikoneni na vijiji jirani. Imamu na mwalimu wa madrasa, nawe usizime redio, maana haya yanahusu msikiti pia.

Mtu akianza kujitenga, kukosa usingizi au kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, mara nyingi jamaa zake hawaendi hospitali kwanza. Wengine huenda kwa mganga, na wengine hubisha hodi kwa mchungaji. Kwa hiyo mchungaji huweza kuuona ugonjwa huu mapema kuliko muuguzi. Akijua la kufanya, ataokoa maisha.

Je, dalili ni zipi? Mwangalie mtu ambaye kwa wiki 2 au zaidi ana huzuni isiyoisha, halali vizuri, hana hamu ya kula, na hata kwaya aliyoipenda ameiacha. Mwangalie mama aliyejifungua ambaye analia kila siku au hataki kumshika mtoto wake. Mwangalie kijana anayedhani kila mtu anamfuata ili amdhuru. Huo ni ugonjwa, kama vile malaria au kisukari. Si dhambi, wala si upungufu wa imani. Kifafa nacho ni ugonjwa wa ubongo, si pepo.

Sasa kanisa lifanye nini?

Kwanza, msikilizeni faraghani bila kumhukumu. Siri yake isifike mimbarini.

Pili, mwombeeni, kisha msindikizeni hadi kituo cha afya. Akihitaji rufaa ya kwenda Msambweni, kumbukeni kwamba nauli huwashinda wengi. Mchango mdogo wa Jumapili unaweza kumfikisha, na kumrudisha tena tarehe ya kliniki ikifika.

Tatu, msimwambie aache dawa kwa kuwa ameombewa. Dawa za ugonjwa wa huzuni huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu. Anayeacha dawa za kifafa ghafla anaweza kushikwa na kifafa mfululizo, hata akafa. Akitaka kufunga, amwulize daktari kwanza.

Nne, msimfunge minyororo wala kumchapa. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba wagonjwa wa akili hufungwa hivyo katika nchi zipatazo 60, Kenya ikiwemo. Minyororo huumiza mwili, na ugonjwa hubaki pale pale.

Tano, mtu akisema amechoka kuishi, mwulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo hilo kichwani, bali humpa nafasi ya kusema. Msimwache peke yake. Ondoeni kamba na dawa za shambani, mkampeleke hospitali siku hiyo hiyo. Msimfiche kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume na Katiba.

Ndugu zangu, mwaka 2023 tuliona yaliyotokea Shakahola, Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ya waumini waliofundishwa kufunga hadi kufa. Mahubiri yakimkataza mtu hospitali, tujue kuna hatari.

Mchungaji, Jumapili hii tenga dakika 5 tu. Waambie waumini kwamba ugonjwa wa akili unatibika, na kwamba aliye mgonjwa hatafukuzwa kanisani. Huenda yuko mmoja kwenye kiti cha nyuma anayengoja kusikia neno hilo.