Damu ya Mama ni Amana



Uislamu ulifika Mumias, Kaunti ya Kakamega, kwa mikono ya wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19. Kwa undugu huo nawakumbuka mama wajawazito wa huko, ambako malaria huenea mno. Lakini nasaha hii inatuhusu sote.

Malaria huharibu chembe nyekundu za damu. Mja mzito ambaye hemoglobini yake iko chini ya gramu 11 kwa desilita huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu. Kiasi cha damu ambacho mwenzake mwenye afya angestahimili kukipoteza wakati wa kujifungua, yeye chaweza kumtoa roho. Mtoto naye huenda akazaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo.

Kipimo kingine ni cha kundi la damu. Mama wa Rh hasi akizaa mtoto wa Rh chanya, hudungwa sindano ya anti-D ndani ya saa 72, ili mimba ijayo isidhurike.

Basi enyi waume, kizunguzungu na weupe wa viganja msiviite uchovu wa mimba tu. Wapelekeni wake zenu kliniki mapema. Wameze vidonge vya madini ya chuma, na chai wasiinywe pamoja na chakula. Nanyi mama wakwe, msiwazuie. Kujitibu hakupingani na tawakkul, kwani Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu.

Wabillahi tawfiiq.