Safari ya Masaa Kumi na Tano, Si Saba

Sisi wa Embakasi tumezoea ngurumo za ndege hata hatuinui macho tena. Lakini Januari mwaka huu ndege moja ilitutoa machozi nyumbani. Kaka yangu alikuwa ndani yake, anaenda New York.

Tikiti ilisema anaondoka saa tano na nusu usiku, anafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jirani akahesabu kwa vidole: "Aa, masaa saba tu!" Basi kulipokucha mama alishika simu. Saa mbili, kimya. Saa nne, kimya. Kufikia saa sita majirani walikuwa wamejaa sebuleni kama kwenye matanga. Nami niliyesoma longitudo darasani nilikuwa hapo hapo, nimenyamaza. Simu ililia saa tisa na nusu alasiri. "Mama, nimefika. Huku bado ni asubuhi."

Je, tulikosea wapi? Tuanze na umbali. Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi ule wa John F. Kennedy ni karibu kilomita 11,800. Ni kama kwenda Mombasa na kurudi mara kumi na mbili! Ndege kubwa ikiwa angani hukata karibu kilomita 900 kwa saa. Ukigawanya utapata masaa 13 na kidogo. Lakini ndege huenda polepole inapopaa na inapotua, na juu ya Atlantiki hukutana na pepo kali zinazovuma kutoka magharibi. Kwa hivyo huchukua masaa 15. Ikirudi, pepo hizo hizo huisukuma, ikafika kwa masaa 14 hivi. Hiyo ni safari ya moja kwa moja, ambayo Kenya Airways iliianza tarehe 28 Oktoba 2018. Kabla ya hapo msafiri alibadilisha ndege njiani, pengine Ulaya au Uarabuni.

Sasa tuje kwenye saa. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa masaa 24, yaani nyuzi 15 kila saa. Saa za Kenya hufuata longitudo 45 mashariki. Za New York, longitudo 75 magharibi. Jumla ni nyuzi 120. Gawanya kwa 15, unapata 8. Sisi tuko mbele kwa masaa manane. (Kuanzia Machi hadi mwanzo wa Novemba wao husogeza saa zao mbele, tofauti ikawa saba.)

Kumbe ile saa kumi na mbili na nusu ya tikiti ilikuwa ya kule! Hapa kwetu ilikuwa saa nane na nusu mchana. Hesabu tangu saa tano na nusu usiku: masaa 15 kamili. Ongeza muda wa kupanga foleni ya pasipoti, ndipo simu ikalia.

Wenzangu, tikiti huandika saa ya mahali ndege inapotua. Kabla hamjajaza watu sebuleni, ulizeni kwanza: saa ya wapi? Na wewe uliyeisoma darasani, usinyamaze kama mimi. Kuuliza si ujinga, na kujua bila kusema hakumsaidii mtu.