NDOA NA MGENI: YAPASAYO KUJULIKANA KUHUSU UHAMIAJI NA URAIA



Visiwa vya Unguja na Pemba vina udugu wa damu na Mombasa, Ngazija, Oman na Yemen tangu enzi za majahazi, na katika miaka ya karibuni vijana wetu wameoa na kuolewa hata katika nchi za Ulaya. Ni jambo la heri. Hata hivyo, wako wananchi wanaodhani kwamba nikaha ikishafungwa, na mashahidi wakashuhudia, basi mgeni amekwishakuwa mwenyeji. Ieleweke kuwa ndoa humhalalisha mtu kwa mwenzake, lakini haimhalalishi kukaa nchini. Hayo ni mambo mawili, na kila moja lina daftari lake.

Maelezo yafuatayo yametayarishwa ili wananchi na watumishi wa Serikali wafahamu hatua zinazohusika.

1. Mamlaka zinazohusika

Kwa mujibu wa Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, uraia na uhamiaji ni Mambo ya Muungano. Yanaongozwa na Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Uraia, zote za mwaka 1995, na husimamiwa na Idara ya Uhamiaji, yenye afisi zake Unguja na Pemba. Kwa upande mwengine, usajili wa ndoa, vibali vya kazi na vitambulisho vya ukaazi viko chini ya taasisi za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Hivyo basi, mwenye mume au mke mgeni hana budi kuzijua njia zote mbili, kwani karatasi ya afisi moja haijazi pengo la afisi nyengine.

2. Kuingia nchini

Mgeni huingia kwa pasi ya kusafiria iliyo hai na, kwa raia wa nchi nyingi, kwa viza. Viza ya kawaida ya matembezi haizidi siku 90. Raia wa Kenya na Uganda hawahitaji viza, lakini nao hugongewa muhuri wenye muda, na muda huo ukimalizika huhitaji ruhusa nyengine. Kubaki baada ya muda kwisha ni kosa kisheria, hata kama mgeni yumo nyumbani kwa mumewe na hana ubaya na mtu.

3. Hati ya ndoa

Ndoa iliyofungwa Zanzibar isajiliwe na cheti chake kichukuliwe mapema. Usajili wa ndoa, talaka, vizazi na vifo umewekwa chini ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ulioanzishwa kwa Sheria Nam. 3 ya mwaka 2018. Cheti kilichotolewa ng'ambo kwa lugha isiyokuwa Kiswahili wala Kiingereza kifanyiwe tafsiri rasmi.

Majina yaangaliwe kwa makini sana. Sisi hutumia jina la mtu, la baba na la babu, ilhali wageni wengi hutumia jina la ukoo. Tena jina moja huandikwa Muhammad katika hati moja, Mohamed katika ya pili, na Mohammed katika ya tatu. Msomaji wa kwetu huona mtu mmoja, bali afisa aliyekabidhiwa faili huona watu watatu. Kila hati ifuate jina kama lilivyo katika pasi ya kusafiria.

4. Ruhusa ya kukaa

Mke mgeni wa raia wa Tanzania huombewa Pasi ya Mtegemezi. Kwa kawaida mwenyeji huandika barua ya maombi, akaambatanisha cheti cha ndoa, uthibitisho wa uraia wake, nakala ya pasi ya kusafiria ya mgeni, picha, na barua ya sheha wa shehia anayoishi. Mume mgeni wa mke Mtanzania afike Afisi ya Uhamiaji mapema apate kuelekezwa ruhusa inayomfaa. Ikiwa anakuja kuendesha biashara yake mwenyewe, kibali chake cha ukaazi ni cha Daraja A. Ikiwa ameajiriwa, ni cha Daraja B.

Pasi ya Mtegemezi si ruhusa ya kazi. Anayetaka kuajiriwa Zanzibar hupaswa kupata kibali cha kazi kwa mujibu wa Sheria ya Ajira Nam. 11 ya mwaka 2005. Kusomesha skuli au kusimamia duka la ndugu kwa mshahara nako ni kazi.

5. Uraia

Hapa ndipo wengi wanapochelewa. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Uraia kinampa mwanamke aliyeolewa na raia wa Tanzania haki ya kuomba uraia wa tajnisi wakati wowote katika uhai wa mumewe. Maneno hayo, "katika uhai wa mumewe", yazingatiwe. Tuchukue mfano wa mama wa Mombasa aliyeolewa Wete, akakaa miaka 12 kwa pasi, kila mwaka akisema ataomba mwaka ujao. Mume akifariki, pasi iliyomtegemea marehemu hukosa mhimili, na mlango wa kifungu hicho huwa umefungwa. Watoto wake ni raia, ilhali yeye aliyewazaa atakuwa anaanza upya, tena akiwa eda.

Sheria hiyo haikumpa mume mgeni haki kama hiyo. Yeye huomba tajnisi kwa masharti ya kawaida: awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya ombi, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe ameishi kwa jumla isiyopungua miaka 7, ajue Kiswahili au Kiingereza, na awe na mwenendo mwema.

Uamuzi wa kuomba usifanywe kwa pupa pia. Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima, hivyo mwombaji hupaswa kuukana uraia wake wa awali na kula kiapo cha utii. Kenya imeruhusu uraia pacha kwa Katiba yake ya mwaka 2010, lakini ruhusa hiyo haibadilishi sheria yetu. Vilevile, uraia wa Tanzania haumfanyi mtu kuwa Mzanzibari papo hapo. Sheria ya Mzanzibari Nam. 5 ya mwaka 1985 ina masharti yake.

Mtoto mwenye mzazi mmoja raia, akizaliwa nchini, ni raia wa kuzaliwa. Akizaliwa nje huweza kuwa raia wa kurithi, awe mzazi huyo ni baba au mama. Mwenye uraia wa nchi mbili hupaswa kuchagua mmoja afikiapo miaka 18.

6. Ukumbusho

Masheha na watumishi wanakumbushwa kutoa barua kwa haki, kuandika majina kwa usahihi, na kumweleza mwananchi upungufu wote wa faili lake kwa siku moja, badala ya kumrejesha mara nne kwa karatasi nne.

Wananchi nao wanaombwa waanze maombi kabla muda wa mgeni haujamalizika, walipe ada kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali, na wadai stakabadhi. Asiyetoa stakabadhi si afisa wala si msaidizi. Nakala za hati zote zihifadhiwe nyumbani, mahali panapojulikana na wanandoa wote wawili, kwani wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa mali huandikiwa daftari, basi mke, mume na watoto wana haki zaidi ya kuandikiwa.