Kinachoziweka Hai Seli za Kumbukumbu

Mtu wa mwisho kuugua ndui kwa maambukizi ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, Oktoba 1977. Hata hivyo, watafiti wa Marekani walipopima damu ya watu waliochanjwa ndui zamani, wengine hadi miaka 75 nyuma, walikuta bado wana seli za kinga ziitwazo seli T, zinazokitambua kirusi cha chanjo ile.

Udumu huo unashangaza. Maambukizi yakianza, seli T chache zinazomjua adui huzaana kwa mamilioni. Yakiisha, zaidi ya asilimia 90 hujiua zenyewe katika wiki chache. Zinazosalia ndizo seli za kumbukumbu. Je, zinahitaji masalia ya kirusi ziendelee kuishi? Majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 1999 yalijibu hapana: ziliishi hata ndani ya mwili usioweza kuzionyesha kipande chochote cha adui.

Uhai wa seli hizo unategemea protini mbili za kupashana habari, interlukini-7 na interlukini-15. Interlukini-7 hutolewa na seli zinazojenga kiunzi cha tezi za limfu na uboho. Ikinasa kwenye kipokezi chake juu ya seli T, ujumbe hupitia vimeng'enya vya JAK hadi kwa protini STAT5, nayo huingia kwenye kiini na kuwasha jeni. Seli huongeza Bcl-2, protini inayoizuia isijiue. Interlukini-15 kwa sehemu kubwa huzifanya seli zigawanyike polepole, ili zinazokufa zipate warithi. Nayo haisambai ovyo: seli nyingine, hasa zile ziitwazo dendriti, huishikilia juu ya utando wake, na seli T sharti ije kuigusa hapo. Panya wasio na interlukini-15 hubaki na seli za kumbukumbu za aina iitwayo CD8 chache mno.

Kwangu, jambo zito zaidi ni uhaba. Interlukini-7 haizitoshi seli zote, kwa hiyo huigombania. Kwa mfano, VVU visipodhibitiwa seli T hupungua, walaji wa interlukini-7 huwa wachache, na kiwango cha protini hiyo katika damu hupanda. Wenye VVU waliodungwa interlukini-7 katika majaribio waliongezeka seli T, lakini sindano hiyo bado si tiba ya kawaida. Kinachozilinda seli T zao leo ni dawa za ARV. Anayezitumia asiziache, hata akijiona mzima.