Magari ya umeme: kioo kikizimika, si lazima kioo ndicho kimekufa

Moteri inazunguka, batri ina moto, tairi ni nzima, lakini kioo kikubwa cha katikati kimebaki cheusi. Hilo ndilo tatizo lililowakuta wenye magari ya umeme Tesla Model S na Model X ya miaka ya kwanza. Wengi walidhani dawa ni kununua kioo kipya. Mara nyingi haikuwa hivyo.

Model S iliingia sokoni Marekani mwaka 2012. Ina kioo cha kugusa cha inchi 17, na vitufe vingi vya kawaida viliondolewa. Kwenye kioo hicho dereva anawasha joto au baridi, anaondoa ukungu kwenye kioo cha mbele, anaangalia kamera ya nyuma. Nyuma yake kuna kompyuta ndogo, na ndani ya kompyuta hiyo kuna memori ya gigabaiti 8, kipande kinacholingana na ukucha wa kidole gumba.

Shida iko hapo. Memori ya aina hiyo huandikwa na kufutwa mara elfu chache tu, kisha huchoka. Programu ya gari ilikuwa ikiandika kumbukumbu za kazi zake bila kupumzika. Baada ya miaka kadhaa, kioo kinaanza kuchelewa kuitika, kinajizima na kujiwasha, mwishowe hakiwaki tena. Gari linaendelea kutembea, lakini dereva hana kamera ya nyuma wala namna ya kuondoa ukungu mbele yake.

Mwezi Januari 2021, NHTSA, shirika la serikali ya Marekani linalosimamia usalama wa magari, liliiandikia kampuni ya Tesla na kuitaka iyaite magari hayo ili yatengenezwe. Mwezi uliofuata Tesla ilikubali kuyaita magari 134,951 na kuweka memori ya gigabaiti 64 bila malipo. Hata hivyo, kampuni haikukubali kwamba hiyo ni kasoro: ilisema memori kuchoka ni jambo la kawaida.

Kwa hiyo fundi mzuri anatafuta kwanza ugonjwa. Kama pembeni mwa kioo kumegeuka rangi ya njano, au gundi inavuja, lakini picha na mguso viko sawa, shida ni ya kioo chenyewe. Kama kinachelewa na kujizima, shida ni ya memori. Hapo, fundi anayejua kuchomelea vipande vidogo, kama wale wanaotengeneza simu, anaweza kutoa memori ya zamani, kunakili yaliyomo na kuweka mpya. Lakini asingoje ife kabisa, kwa kuwa ndani yake kuna funguo za siri zinazolitambulisha gari, na zikipotea kazi inakuwa ngumu. Njia ya tatu ni kubadilisha kompyuta nzima. Mwaka 2020 Tesla iliuza kazi hiyo kwa dola 2,500.

Hapa kwetu Congo tunalijua gari la umeme kwa upande wa udongo zaidi kuliko barabara. Kobalti ya Lualaba na Haut-Katanga inaingia katika batri nyingi, na koltani ya Rubaya, huko Masisi, inatoa tantali inayotumika katika vifaa vya elektroniki. Kila kompyuta inayotupwa kwa ajili ya kipande kimoja kilichochoka inadai madini mengine yachimbwe.

Na magari yaliyokwisha tumika ng'ambo ndiyo wengi wetu tunanunua. Siku ya umeme itakapofika kwa wauzaji, usiulize batri tu. Washa kioo, kiguse kila pembe, kizime na kukiwasha tena, jaribu kamera ya nyuma. Kisha omba karatasi inayoonyesha kama memori ilibadilishwa, na mwaka gani.