"Kama Angalimwacha Kazadi": Sarufi ya Lawama ya Shabiki wa Kandanda mjini Lubumbashi

1.0 Utangulizi

Timu inapofungwa mabao matano kwa bila, mashabiki wake hurudi nyumbani kimya. Inapofungwa kwa tofauti ya bao moja, tena katika dakika za mwisho, ndipo maneno huanza. Bao moja huacha nafasi ya kuuliza: je, kama mshambuliaji fulani angaliingizwa mapema? Je, kama mlinzi yule asingalitolewa? Maswali hayo yote huelekezwa kwa mtu mmoja, naye ni kocha.

Makala haya yanakusudia kueleza lugha ya lawama hiyo kwa kutumia mifano ya mji wa Lubumbashi. Yatashughulikia viambishi viwili vinavyoibeba, yaani kiambishi cha nafsi na kiambishi cha sharti, na kuonyesha kwamba viambishi hivyo vinaweza kusaidia kutenga lawama ya haki na lawama iliyozaliwa na majuto tu.

2.0 Mji na Timu Zake

Mji wa Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville. Migodi ya kampuni ya Union Minière na reli ilikusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Ruanda-Urundi na kwingineko. Kiswahili kikawa lugha ya kuwaunganisha, na hatimaye kikawa lugha ya kwanza ya watoto waliozaliwa mjini humo. Kina sura yake: "watu" huwa "batu", "vitu" huwa "bintu", na msamiati wa Kifaransa umejaa ndani yake.

Kandanda ilikua katika mazingira hayo hayo. Mwaka 1939 watawa wa Kibenediktini waliunda timu ya wanafunzi iliyoitwa Saint-Georges, ambayo baadaye ilichukua jina la Englebert, chapa ya matairi, na ambayo leo ni TP Mazembe. Mwaka huo huo ilizaliwa Saint-Éloi Lupopo, timu iliyoshikamana na watu wa reli. Englebert ilitwaa Kombe la Klabu Bingwa Afrika mwaka 1967 na 1968. Kwa hiyo shabiki wa Lubumbashi amerithi kumbukumbu ya ushindi, na mwenye kumbukumbu ya ushindi huona kila kushindwa kuwa ni kosa la mtu.

3.0 Kiambishi cha Nafsi: tu- na a-

Shabiki husema "tumeshinda", ingawa hakugusa mpira. Timu ikishindwa, mara nyingi sentensi hubadilika na kuwa "kocha ametupotezea mechi". Nafsi ya kwanza wingi, iliyokuwa mtenda katika ushindi, huwa mtendewa katika kushindwa, na nafasi ya mtenda hupewa nafsi ya tatu umoja. Wachezaji 11 uwanjani, pamoja na wapinzani waliocheza vizuri, hutoweka katika sentensi.

Tabia hiyo si ya Lubumbashi peke yake. Mwaka 1976 Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani, ambako mechi za kandanda ya Kimarekani baina ya vyuo hufuatwa kwa hamasa kubwa. Waligundua kwamba Jumatatu baada ya timu ya chuo kushinda, wanafunzi wengi zaidi walivaa nguo zenye alama za chuo chao. Aidha, walipoulizwa kwa simu kuhusu mechi, walitumia zaidi neno "sisi" walipoeleza ushindi kuliko walipoeleza kushindwa. Nafsi ya sarufi, kwa hiyo, hupima ukaribu wa shabiki na matokeo.

4.0 Kiambishi cha Sharti: -nge- na -ngali-

Vitabu vingi vya sarufi hufundisha kwamba -nge- huonyesha jambo ambalo bado lingewezekana, na -ngali- jambo lililokwisha kupita bila kutokea. Katika matumizi ya kila siku wasemaji wengi huvichanganya, lakini tofauti yenyewe ina manufaa hapa. Anayesema "angemwingiza Fulani" wakati mechi inaendelea anatoa shauri ambalo linaweza kukosea mbele ya watu. Anayesema "angalimwingiza Fulani" baada ya kipenga cha mwisho hawezi kukosea kamwe, kwa kuwa mechi anayoizungumzia haikuchezwa. Hapo ndipo -ngali- humpa shabiki utamu, na hapo ndipo humdanganya.

Mifano miwili ya Mazembe yatosha. Mwezi Novemba 2009, katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Mazembe ilifungwa 2-1 na Heartland nchini Nigeria, kisha ikashinda 1-0 Lubumbashi kwa bao ambalo mchezaji wa Heartland alijifunga. Jumla ikawa 2-2, na kombe likabaki Lubumbashi kwa sababu ya bao moja la ugenini. Novemba 2013, katika fainali ya Kombe la Shirikisho, Mazembe ilifungwa 2-0 na CS Sfaxien nchini Tunisia. Katika marudiano, kwenye uwanja wake wa Kamalondo, ilirudisha mabao yote mawili. Lakini mechi ilipokaribia kwisha Watunisia wakapata bao moja. Mazembe ikashinda 2-1 siku hiyo na kupoteza kombe kwa jumla ya 3-2.

Tofauti kati ya kombe la kwanza na msiba wa pili ni nyembamba kama uzi. Hata hivyo, kocha wa 2009 aliitwa bingwa, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza kombe lingalikwenda wapi kama mpinzani asingalijifunga. Jonathan Baron na John Hershey walionyesha mwaka 1988 kwamba watu huusifu uamuzi ukileta matokeo mema na kuulaumu uamuzi ule ule ukileta matokeo mabaya, hata wanapojua kwamba mwamuzi alikuwa na habari zile zile. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mjukuu huyo ndiye anayeketi katika kiti cha hakimu.

5.0 Kisa cha Kazadi

Je, basi, kila lawama ya shabiki ni batili? Kisa kinachomhusu kipa wa Lubumbashi chaonyesha sivyo. Tarehe 18 Juni 1974, katika Kombe la Dunia, Zaire ilicheza na Yugoslavia mjini Gelsenkirchen. Kocha wa Zaire alikuwa Blagoje Vidinić, mwenyewe Myugoslavia. Mnamo dakika ya 21, Zaire ikiwa imefungwa mabao 3, alimtoa Kazadi Mwamba wa Mazembe na kumwingiza Dimbi Tubilandu wa Vita Club ya Kinshasa. Dakika moja hivi baadaye likaingia la nne, na mechi ikaisha 9-0.

"Kama angalimwacha Kazadi, tusingalifungwa 9." Sentensi hii haithibitiki. Kipa huyo huyo alikuwa amekwisha kufungwa 3 kwa dakika 20, na aliporudishwa langoni dhidi ya Brazil siku 4 baadaye, alifungwa 3 tena. Shutuma kwamba kocha aliwapendelea wananchi wenzake ni dhaifu zaidi: miezi mitatu kabla, Myugoslavia huyo huyo aliiongoza Zaire kutwaa Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri. Isitoshe, shabiki hakuyajua yaliyokuwa chumbani. Mwepu Ilunga, mchezaji mwingine wa Mazembe, alieleza miaka mingi baadaye kwamba wachezaji walinyimwa fedha walizoahidiwa na walikaribia kukataa kucheza.

Lakini liondolewe -ngali-, na swali liulizwe kwa yale tu yaliyojulikana dakika ile. Sheria za wakati huo ziliruhusu wachezaji wawili tu wa akiba kuingia. Kazadi alikuwa amefungwa mabao 2 tu na Uskoti katika mechi ya kwanza. Je, ilikuwa busara kutumia nafasi moja kati ya mbili kubadili kipa, dakika 70 zikiwa zimebaki? Swali hili lingeweza kuulizwa hata kama mechi ingeisha 3-3. Hiyo ndiyo lawama ya haki, na bado inasubiri jibu.

6.0 Hitimisho

Methali husema: aliye kando haangukiwi na mti. Shabiki yuko kando, na kocha ndiye aliye chini ya mti. Hiyo haimnyimi shabiki haki ya kusema, maana bila yeye mechi ni mazoezi tu. Inamtaka aipime kauli yake kwa maswali mawili. Je, angesema "tu-" kama matokeo yangekuwa mema? Na je, lawama yake ingesimama kama bao lile la mwisho lisingaliingia? Lawama inayopita katika maswali hayo humsaidia kocha, timu na mji. Isiyopita ni huzuni iliyovaa joho la hakimu, nayo hustahili pole.