Chungu cha Mbwa Mzee: Lishe ya Nyumbani kwa Mbwa Wagonjwa Katika Bonde la Kilombero

Katika Bonde la Kilombero mbwa hula kilichobaki. Kwa kuwa mpunga ndio zao kuu, sahani yake huwa na ukoko wa wali, makombo ya ugali, vichwa vya perege au kambare na, pale mchuzi unaposalia, mchuzi wenye chumvi na vitunguu. Mbwa kijana hujikimu kwa chakula hicho kwa sababu hukiongezea panya wa mashambani na mabaki ya machinjioni. Mbwa aliyezeeka hana uwezo huo. Meno yamemwisha, hatoki tena uani, na mara nyingi kiungo kimoja au zaidi ndani ya mwili wake kimechoka. Chakula kilekile kilichomtunza kwa miaka huweza sasa kumdhuru.

Mbwa wengi wa vijijini hufa kabla ya kuuona uzee. Wanaovuka miaka saba au minane ni wachache, na kwa kawaida ni walinzi wa nyumba waliolelewa pamoja na watoto wa kaya hiyo. Chakula cha madukani kilichotengenezwa mahsusi kwa mbwa mwenye ugonjwa wa figo au ini ni ghali, na si kitu cha kukikuta kwa urahisi Ifakara. Kwa hiyo mwenye mbwa hana budi kutumia chungu cha nyumbani. Swali ni nini kitiwe ndani yake, na nini kisitiwe.

Kabla ya chungu, hata hivyo, lipo jambo linalomhusu mtumishi wa afya moja kwa moja. Mbwa mzee anayeacha kula huonekana kuwa na tatizo la meno au la koo. Mbwa mwenye kichaa cha mbwa, hasa kile cha kupooza, huonekana vivyo hivyo: taya hulegea, mate humtoka, sauti hubadilika, hawezi kumeza. Wenye mbwa hudhani mfupa umemkwama, nao hutia mkono kinywani ili kuutoa. Wapo walioambukizwa kwa huruma ya namna hiyo. Uzee huja polepole, kwa wiki na miezi. Kichaa huja kwa siku chache, na kwa kawaida mnyama hufa ndani ya siku 10 tangu dalili zianze. Mbwa aliyekuwa akila vizuri juzi na leo hawezi kumeza asiguswe kinywani wala asilishwe kwa mkono. Afungiwe mahali salama, na afisa mifugo aitwe. Aliyekwisha kuguswa na mate yake kwenye kidonda, au kung'atwa, aoshe mahali hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 na afike kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo.

Kilombero na Ulanga si wageni wa suala hili. Kati ya mwaka 2010 na 2015 wilaya hizo zilikuwa ndani ya mradi wa majaribio wa kutokomeza kichaa cha mbwa kusini-mashariki mwa Tanzania, ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani, na watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wameufuatilia ugonjwa huo kwa muda mrefu. Uzee haumwondolei mbwa haja ya chanjo ya kila mwaka. Mbwa mzee anayepikiwa na kulishwa karibu na watu ndiye anayepaswa kuchanjwa kuliko wote.

Ikiwa kichaa hakishukiwi, hatua inayofuata ni kujua kiungo kinachougua, maana chakula kinachomfaa mbwa wa figo si kile kinachomfaa mbwa wa ini. Daktari wa mifugo wa halmashauri huweza kuanza uchunguzi. Pale vipimo vya damu na mkojo vinapohitajika, Morogoro kuna hospitali ya mafunzo ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Safari hiyo ni ndefu na ina gharama, lakini kubuni lishe ya tiba bila vipimo ni kupapasa gizani. Uzito nao ujulikane. Mizani ya mashine ya kukoboa mpunga yatosha: mtu apimwe akiwa amembeba mbwa, kisha apimwe peke yake.

Mfano ufuatao ni wa mbwa wa kilo 15, ukubwa wa kawaida wa mbwa wa kienyeji, aliyezeeka lakini figo na ini lake bado vinafanya kazi. Mahitaji yake ya siku ni takriban kilokalori 650 hadi 750. Gramu 350 za wali uliopikwa ukalainika, yaani vikombe viwili vya robo lita, humpa zaidi ya nusu ya nguvu hizo. Gramu 130 za perege aliyechemshwa na kuondolewa miiba yote humpa protini. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia na vipande vichache vya boga au karoti vilivyopondwa hukamilisha chungu. Hakuna chumvi, hakuna kitunguu maji wala kitunguu saumu, kwani vitunguu, hata vikipikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Chakula hugawanywa mara mbili au tatu kwa siku. Kwa asiye na meno, husongwa kikawa laini kama uji mzito, na kwa kweli hilo ndilo jibu lote la tatizo la meno kwa upande wa chakula. Jino lililooza ni kazi ya daktari.

Kinachosahaulika karibu daima ni madini ya kalsiamu. Wali na mnofu wa samaki vina fosforasi kuliko kalsiamu, na mbwa anayelishwa hivyo kwa miezi huanza kuyatoa madini hayo kwenye mifupa yake mwenyewe. Mifupa iliyopikwa si suluhisho, kwani huvunjika vipande vyenye ncha vinavyotoboa utumbo. Suluhisho limo katika ganda la yai. Maganda huoshwa, huchemshwa kwa dakika kumi, hukaushwa, kisha hutwangwa kinuni mpaka yawe laini kama unga. Nusu kijiko cha chai kwa siku humtosha mbwa wa kilo 15.

Hata hivyo chungu hicho bado kina mapengo: zinki, madini joto, vitamini D na vitamini E. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichunguza mapishi 200 ya chakula cha mbwa cha nyumbani yaliyokuwa yakisambazwa kwa umma, mengi yakiwa yameandikwa na madaktari wa wanyama wenyewe, wakakuta asilimia 95 yalipungukiwa na angalau kirutubisho kimoja cha lazima. Kwa lishe ya wiki mbili pengo hilo si hoja. Kwa lishe ya mwaka mzima daktari wa mifugo hana budi kuongeza mchanganyiko wa madini na vitamini unaolingana na uzito.

Ugonjwa wa figo ndio unaodai uangalifu mkubwa zaidi. Figo za mbwa huchakaa kwa umri, nazo huweza kuwa zilijeruhiwa zamani na maambukizi kama homa ya mgunda, ugonjwa ambao Watanzania wengi walilisikia jina lake mwaka 2022 ulipozuka mkoani Lindi. Vijidudu vyake hutoka kwa mkojo wa panya na wa wanyama wengine, mbwa wakiwemo. Kwa sababu hiyo anayesafisha mahali alipokojoa mbwa mgonjwa avae glavu au anawe kwa sabuni.

Dalili ya mapema ni kunywa maji mengi na kukojoa mara kwa mara. Baadhi ya kaya humnyima mbwa maji usiku ili asichafue kibaraza. Figo zilizochoka hazina uwezo wa kuhifadhi maji, na mbwa huyo huweza kuzidiwa kwa usiku mmoja. Bakuli la maji safi lisikauke.

Katika chakula cha mbwa huyu, adui wa kwanza ni fosforasi. Hapa desturi za bondeni hugeuka kikwazo. Dagaa, kitoweo cha bei nafuu ambacho mbwa wengi hukitegemea, huliwa pamoja na mifupa na vichwa, na hivyo hubeba fosforasi nyingi. Akiwa amekaushwa kwa chumvi, madhara huongezeka. Pumba za mchele na unga wa dona navyo vina fosforasi kuliko wali mweupe na sembe. Ni mahali pachache katika elimu ya lishe ambapo nafaka iliyokobolewa husifiwa, lakini kwa figo zilizochoka wali mweupe ndio bora. Protini haikatwi ovyo, maana mbwa mzee anayenyimwa protini hukonda misuli haraka. Hupunguzwa kwa kipimo cha daktari na huchaguliwa iliyo bora. Ute wa yai una protini nzuri na fosforasi kidogo mno. Kwa mbwa yuleyule wa kilo 15, gramu 400 za wali mweupe, yai moja zima, ute wa mayai mawili zaidi, vijiko viwili vya chai vya mafuta na nusu kijiko cha unga wa ganda la yai hufanya mlo wa siku wa karibu kilokalori 700. Mayai yapikwe yaive. Mbwa akiukataa mlo huo kabisa, ni afadhali ale kingine kuliko asile. Njaa humwua mapema kuliko fosforasi.

Ugonjwa wa ini huleta hadithi nyingine, inayoanzia ghalani. Mahindi yaliyovunwa na unyevu na kuhifadhiwa kabla ya kukauka huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu. Wengi huchagua mahindi mazuri kwa ajili ya watu, na yaliyooza huwapa kuku na mbwa. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wa nyumbani wanaodhurika upesi zaidi na sumu hiyo. Kuosha hakuiondoi yote, na moto wa jikoni hauiteketezi. Mwaka 1981, katika wilaya ya Machakos nchini Kenya, watu 20 walilazwa kwa sumukuvu na 12 wakafa; katika kaya zilizoathirika, mbwa na kuku walikuwa wametangulia kufa. Mwaka 2016 mlipuko wa Dodoma na Manyara uliwapata watu 68, na 20 kati yao walifariki. Mbwa anayetapika, mwenye macho ya manjano na tumbo lililojaa maji, katika nyumba inayokula mahindi ya ghala moja naye, ni habari ambayo mtumishi wa zahanati yafaa aiulizie.

Mahindi hayo yasitumike tena, kwa mtu wala kwa mnyama. Mbwa mwenye ini bovu hupewa wali, mayai na kunde zilizochemshwa zikalainika, katika milo midogo minne au mitano kwa siku. Maini ya ng'ombe, ambayo kwa mbwa mzee mwenye afya ni kitoweo kizuri mara moja au mbili kwa wiki, huyu asipewe, kwa sababu ya wingi wa madini ya shaba. Protini hupunguzwa tu pale anapoonyesha dalili za kichwani, kama kuyumba, kuzunguka bila sababu au kusinzia kupita kiasi.

Kwa mwenye ugonjwa wa moyo, anayekohoa usiku na kuchoka upesi, neno kubwa ni chumvi: mchuzi wa familia, viungo vya vipande vya supu na samaki wa chumvi viondolewe. Mwenye kisukari anahitaji insulini, na chakula chake kiwe kilekile, kwa kiasi kilekile, saa zilezile. Vipande vya miwa ambavyo watoto humtupia si vyake.

Dawa za maumivu ni jambo linaloleta vifo visivyo vya lazima. Mbwa mzee huamka akichechemea, na katika maduka ya dawa diklofenaki, ibuprofeni na paracetamol hupatikana kwa bei ndogo. Diklofenaki na ibuprofeni humtoboa mbwa tumbo na kuziua figo zake hata kwa kipimo kinachoonekana kidogo. Paracetamol huharibu ini na damu. Muuza dawa anayeulizwa kuhusu mbwa amwelekeze mteja kwa daktari wa mifugo, ambaye anazo dawa za viungo zilizopimwa kwa ajili ya mbwa. Kwa viungo vinavyouma, kumpunguza uzito mbwa mnene kwa kupunguza wali kidogo kidogo husaidia kuliko wengi wanavyodhani.

Mwisho kuna suala la nyama mbichi. Mapafu na maini yenye malengelenge ya maji, yanayotupwa machinjioni, huweza kubeba tegu aitwaye Echinococcus. Mbwa akiyala, minyoo hukua tumboni mwake, na mayai yake hutoka na kinyesi, yakafika kwenye mikono ya watoto. Ndani ya binadamu hujenga uvimbe wa maji katika ini au mapafu kwa miaka. Kaskazini mwa Kenya, miongoni mwa Waturkana, ugonjwa huo umewahi kuonekana kwa kiwango cha juu sana. Wafugaji wengi wamehamia Kilombero na mifugo yao katika miongo ya karibuni, hivyo tahadhari inafaa hapa pia: viungo vya ndani vichemshwe mpaka viive kabisa, vyenye malengelenge vifukiwe au vichomwe, na mbwa apewe dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari. Sahani ya mbwa ioshwe mbali na vyombo vya watu, hasa katika nyumba yenye mtoto mchanga au mtu ambaye kinga yake ya mwili imeshuka.

Mlo mpya huingizwa kwa muda wa wiki moja, robo kwa robo, ukichanganywa na ule wa zamani. Chakula kikiwa vuguvugu hunukia zaidi, na mbwa ambaye pua yake imezeeka hukikubali upesi. Apimwe uzito kila baada ya wiki mbili katika mizani ileile. Akipungua kilo moja bila kukusudiwa, au akikaa siku mbili bila kula, arudishwe kwa daktari wa mifugo.